Paka Ndiye Alianza

Mwaka huu, siku ya arbaini ya Shangazi Zamzam kule Koboko, binamu yangu Rajabu alisimulia tena hadithi ya paka. Dua ilikuwa imekwisha. Wanaume walikuwa chini ya turubai, sisi wanawake tumekaa kwenye mikeka karibu na jiko, na masinia ya pilau yamebaki mifupa. Rajabu ana kipaji cha kusimulia. Alikuja na kikombe chake cha chai ya tangawizi, akachuchumaa katikati yetu kana kwamba ni mwenzetu, akaanza: "Mnakumbuka ile paka ya Shangazi? Ile ya pori? Ile ilileta korona kwa mtaa yote?" Akaigiza paka anavyokohoa, ngumi mdomoni kama mbunge anayejiandaa kuhutubia. Watu wakacheka hadi wakafuta machozi, maana msiba nao una kiu ya kicheko. Mimi nilicheka kuwashinda wote. Na nilipomaliza kucheka nikaona uso unawaka, nikainuka kwenda kuosha masufuria ambayo hakuna aliyeniomba nioshe.

Kwa kuhesabu miaka mimi bado kijana, thelathini sijaifikia. Lakini kuna mwaka mmoja ulionizeesha, nao ni ule mwaka wa korona, nilipokuwa na miaka ishirini na miwili na chuo cha afya ya mifugo kikafungwa kabla sijamaliza hata mwaka wa kwanza. Nilirudi Arua na sanduku moja, koti jeupe moja, na kiburi kisicholingana na hilo sanduku. Nikafikia kwa Shangazi, katika vyumba vyake viwili nyuma ya soko. Chumba cha mbele kilikuwa na kitanda chake, redio iliyofungwa kwa mpira, na chetezo cha udongo ambacho hakikukosa ubani asubuhi wala jioni. Cha nyuma nililala mimi pamoja na magunia ya unga. Uani kulikuwa na jiko na bati pana la kupikia gurusa, ule mkate wetu mwembamba wa Kinubi, ambao Shangazi aliuza kwa majirani tangu sijazaliwa. Kila alfajiri niliamshwa na sauti ya mwiko wake ukikwangua bati. "Daktari ya mbuzi, amka! Jua iko juu na wewe iko chini!" Aliniita hivyo kunitania, lakini wateja wakija alibadilisha sauti. "Huyu ni mtoto yangu," aliwaambia, "anasoma udaktari ya wanyama. Ng'ombe ikiugua, kuku ikiugua, uliza yeye." Nami nilisimama pale nimevaa koti jeupe uani, nikapokea sifa ambazo sikuwa nimezifanyia kazi bado.

Sajini alifika ndani ya boksi la sabuni. Mkulima mmoja aliyemletea Shangazi mihogo kutoka upande wa Koboko alikuwa amechoma majani ya shamba, mama wa paka akakimbia moto, na kitoto kimoja kikabaki. Kilikuwa na rangi ya majani makavu, miguu mirefu kupita mwili wake, na mistari myeusi kwenye miguu ya mbele. Nilikitazama kwa jicho la kidaktari nikatangaza kwamba huyo si paka wa nyumbani, ni paka pori, ndugu wa paka wetu lakini wa mwituni, na kwamba hataishi wiki. Shangazi alikiinua kwa shingo, akaona ile mistari, akapiga saluti kama walivyopiga wazee wake jeshini. "Huyu iko na cheo tayari. Sajini!" Kuanzia siku hiyo kila mtu aliyeingia uani alilazimika kumpigia Sajini saluti kabla ya kupewa gurusa, na waliokataa walipewa zilizoungua.

Alikataa maziwa ya chupa, akakataa nyama iliyokatwa. Ndipo Shangazi akakumbuka jinsi watoto wote wa ukoo wetu walivyolishwa. Kwetu mtoto akizaliwa hutafuniwa tende akapakwa kinywani, na akianza kula, bibi humtafunia nyama kwanza, akamtilia mdomoni ikiwa laini na vuguvugu. Hata mimi nilikuzwa na mate ya Shangazi, hakuacha kunikumbusha. Tatizo ni kwamba magego yake yalikuwa yamekwisha. "Wewe iko na meno," aliniambia. "Tafuna." Nilikataa kwa sababu za kisomi, nikazitaja zote. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniwekea kipande cha nyama kiganjani. Basi nikatafuna. Nilitafuna asubuhi na jioni, nikakitema kidoleni, na Sajini akakilamba huku amekamata kidole changu kwa miguu yote miwili ya mbele. Alipokuwa ananguruma kwa raha, pumzi yake ilinipiga puani, na yangu ikampiga yeye. Wiki zikapita, miezi ikapita, akawa paka mzima mwenye dharau. Na bado hakula nyama isiyotafunwa, na bado alilala juu ya kifua cha Shangazi, kichwa chini ya kidevu chake.

Mtaani watu walimwona kwa jicho lingine. Redio ilisema ugonjwa ulianzia kwa wanyama wa pori, na hilo ndilo walilolishika kuliko habari za barakoa. Nilikuwa nakinga maji bombani siku moja nikasikia nyuma ya ukuta: "Zamzam analala na nyama ya pori kitandani, sasa tutapona aje?" Mwingine akacheka. Sauti ya tatu, ya Mama Drateru, Mlugbara jirani yetu wa mlango kwa mlango, ikasema, "Wacheni huyu mama. Ile paka ni safi kuliko watoto yenu." Mama Drateru alikuwa rafiki wa kweli. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu ya yale niliyomfanya aamini baadaye.

Kilichonipeleka Vurra ni tamaa ya kuonekana nina akili. Nilitaka kushona barakoa niuze, na vitenge vilikuwa huko, mpakani mwa Congo, vikivuka juu ya malori ya mizigo ingawa watu walikatazwa kuvuka. Boda hazikuruhusiwa kubeba abiria, mizigo tu, kwa hiyo nilikaa nyuma ya boda nimekumbatia gunia tupu kama mzigo wa mtu. Nilimdanganya Shangazi kwamba naenda Mvara kumwona rafiki aliyesoma nami. Kule Vurra malori yalikuwa yamepangana hadi macho yanachoka. Nilingoja mwenye vitenge katika kibanda cha chai, nimekaa bega kwa bega na dereva mmoja wa kutoka Congo aliyekohoa hadi kikombe kikamwagika. Niliposogea, alicheka. "Dada, kaa tu. Hii ni vumbi ya njia. Siku hizi mutu akikohoa kidogo, banamukimbia." Nikaona aibu kumkimbia, nikakaa. Nilikunywa chai katika kikombe kilichotoka kwenye mdomo wa mwingine na kuchovywa tu ndooni. Mtu aliyekwenda kutafuta kitambaa cha barakoa hakuwa amevaa barakoa. Vitenge sikuvipata.

Siku chache baadaye koo lilianza kuwasha. Nikasema ni moshi wa jiko. Kisha asubuhi moja Shangazi alipita chumbani kwangu na chetezo, moshi mzito ukanizunguka, nami sikusikia harufu yoyote. Niliinama juu ya chetezo hadi nywele zikakaribia kuungua. Hakuna kitu. Ubani niliokua nao, ambao uko hata kwenye nguo zangu za utotoni, ulikuwa umegeuka mvuke tu. Pale nilijua. Watu hudhani kosa langu ni la kutojua, lakini mimi nilijua nikiwa nimesimama pale na koti langu jeupe likining'inia msumarini. Nilijua pia kwamba wakija kuniuliza nilikuwa wapi nitalazimika kutaja Vurra, na gari jeupe lenye watu waliovaa kama warina asali litanichukua mchana kweupe mbele ya mtaa mzima. Shangazi akaita kutoka uani, "Daktari ya mbuzi! Sajini iko na njaa!" Ningesema ninaumwa jino. Ningesema chochote. Lakini kwa kuhofia kwamba nikikataa kutafuna ataniuliza kwa nini, nilichukua ile nyama, nikaitafuna vizuri, nikamlisha.

Hazikupita siku nyingi Sajini akaanza kupiga chafya. Macho yalimtoka maji, pua ikawa na kamasi, akawa anapumua kwa tumbo, na nyama akainusa akaiacha. Shangazi alimfunga khanga, akajifunika naye blanketi moja juu ya sufuria ya mwarubaini inayofuka mvuke, nikawasikia wote wawili wakikohoa humo ndani, mmoja kwa sauti nene na mwingine kwa sauti nyembamba. Hata nami nilicheka kidogo. Usiku wa tatu Shangazi hakuweza kulala chali. Asubuhi hakukuwa na sauti ya mwiko juu ya bati, na Mama Drateru, ambaye kwa miaka yote hiyo aliijua saa kwa mwiko ule, akaja kuchungulia. Alimwona, akageuka mbio, akarudi na mwenyekiti wa kijiji na dada mmoja wa afya aliyevaa glavu.

Walisimama uani mbali na mlango. Dada wa afya alikuwa na daftari. Aliniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa msomi wa nyumba: "Hapa nyumbani nani alianza kukohoa?"

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, Sajini mapajani. Aliniangalia. Mwenyekiti aliniangalia. Mama Drateru alikuwa ameshika kitambaa mdomoni na macho yake yalikuwa yananisihi niseme kitu kitakachomsaidia rafiki yake.

"Paka," nikasema. "Paka ndiye alianza."

Nikaongeza ya kitaalamu. Nikasema ni paka pori, nikasema wanyama wa mwituni hubeba magonjwa mengi, nikasema kwa Kiswahili cha darasani ambacho mtaa wetu hauna namna ya kukibishia. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyethibitishiwa alichokijua siku zote. Mimi nikaamriwa nijitenge nyumbani, na gari jeupe lilipokuja kumchukua Shangazi, alinikabidhi Sajini mikononi. "Umpe chakula," alisema. "Yeye hapendi baridi." Ndiyo maneno yote aliyoniachia.

Jioni ile ile walirudi, mwenyekiti na wanaume watatu wa mtaa, na Mama Drateru nyuma yao akilia. Hawakuja kwa ubaya. Walikuja na adabu, wakanisalimu, wakasema mtaalamu amekwisha sema, sasa watoto wa mtaa walindwe. Walitaka paka. Hawakutaka kumgusa. Mwenyekiti akauliza kama nina gunia. Nilimwaga unga uliobaki ndani ya beseni, nikamchukua Sajini aliyekuwa amelala kwenye khanga ya Shangazi. Hakunipiga kucha. Alidhani nimemletea chakula; alitafuta kidole changu. Nilimtia ndani ya gunia, nikafunga kamba mwenyewe, fundo la kufungia kuku tulilofundishwa chuoni. Wakamchukua wakashuka naye kuelekea mto Enyau. Sikwenda nao. Nilirudi uani nikapika gurusa, ya kwanza kupika peke yangu, ikaungua, nikaila hivyo hivyo bila kusikia ladha.

Mwalimu wangu, Daktari Asindua, alikuja baada ya siku tano. Kwao ni Ombaci, na alikuwa amesikia kwamba mwanafunzi wake ana paka pori anayekohoa. Alikuja na baiskeli, barakoa mbili usoni, kijiboksi cha dawa kimefungwa nyuma. Alifurahi kama mtu anayekwenda harusini. Tulikaa yeye upande mmoja wa ua na mimi upande mwingine, akanieleza kwa sauti ya kuvuka ua. Kwamba kirusi kinachoingia kwetu kinahitaji mlango katika pua na koo, na jamii yote ya paka, kuanzia wa jikoni hadi simba, wana mlango unaofanana na wetu. Kwamba katika nchi za mbali simba na chui milia wa kufugwa wamekohoa baada ya watunzaji wao kukohoa. Kwamba hata mafua yetu makali ya kawaida, mtu anaweza kumwambukiza paka wake akilala naye au akila naye. "Sisi tunaogopa paka," alisema, "na paka ndiye angetuogopa sisi. Mara nyingi njia inatoka kwetu kwenda kwake." Kisha akauliza lile swali kwa upole, kama anayeuliza mtihani rahisi: "Kwa hiyo kabla yake, nani alikuwa anakohoa? Nani anamlisha?"

Nilisema paka ameshakufa.

Kupitia mlango uliokuwa wazi akatazama beseni la unga lililofunikwa kwa sahani, akatazama koti langu msumarini. "Pole," akasema. "Angepona, pengine. Wengi wao hukohoa siku chache wakapona. Alihitaji kupata joto na maji tu." Alifungua kijiboksi, akafunga tena, akaondoka akisukuma baiskeli badala ya kuipanda. Hakunifundisha tena. Chuo kilipofunguliwa alikuwa amehamia kwingine, nami nilishukuru, na hiyo shukrani nayo naionea aibu.

Shangazi alirudi mwezi uliofuata amekonda, khanga inamzunguka mara mbili. Alisimama mlangoni, akapiga saluti kuelekea kitandani, mkono ukabaki hewani.

"Sajini iko wapi?"

"Alikimbia, Shangazi. Siku ile ile. Aliona watu akaogopa."

Akakaa kitandani. Alitembeza macho chumbani, kona hadi kona, akaona beseni. "Na gunia ya unga?"

"Panya walilitoboa. Nililitupa."

"Panya," alisema. Akavua viatu, kimoja, halafu cha pili. "Kweli. Paka ikikimbia, panya inakula gunia."

Hatukuzungumza tena habari hiyo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa hatua nne tu, kutoka kitandani hadi kwenye beseni, na nadhani aliimaliza yote akiwa amekaa. Lakini jioni ile alitoa sahani ya Sajini, ya bati, yenye ua la buluu lililobanduka, akaweka maziwa kidogo mlangoni. Akafanya hivyo kesho yake na keshokutwa. Majirani waliacha kununua gurusa za nyumba ya paka. Hata Mama Drateru alipita upande wa pili wa njia, kwa sababu mtaalamu alikuwa amesema. Neno moja langu lingewarudisha wote. Nilikuwa na mwaka mzima wa kulisema, jioni baada ya jioni, nikitazama mwanamke mzima akimwekea maziwa paka niliyemfungia kamba. Mwaka ulipokwisha bati la gurusa lilikuwa na kutu, na Rajabu akaja kumchukua Shangazi akaishi nyumbani kwake Koboko.

Nilimtembelea, ndiyo. Nilipeleka sukari na sabuni. Mara ya mwisho alikuwa hawezi kuinuka, na nilikwenda nimejiapiza kusema. Nilimshika mkono, nikasema, "Shangazi, ule mwaka wa korona..." Akafumbua macho, akasema, "Ulikuwa na meno mazuri sana." Akafumba. Nikajidai sijaelewa.

Siku ya arbaini, basi, nikiwa na masufuria mikononi na kicheko cha watu bado kinanifuata, nilirudi kwenye mikeka. Rajabu alikuwa anafika mahali paka anapokamatwa. Nikamwambia anyamaze. Nikasimama, nikawaambia: Vurra, kikombe, ubani, nyama niliyoitafuna nikijua, swali la dada wa afya, gunia, fundo. Niliwaambia kwamba paka hakuleta kitu katika nyumba ile. Mimi ndiye niliyeanza. Chai ilipoa mikononi mwa watu. Rajabu aliweka kikombe chini. "Rukia, wacha," alisema. "Ile wakati kila mutu iliogopa. Wewe ulikuwa mtoto." Nikamjibu kwamba nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na koti jeupe. Msamaha wake ulinichoma kuliko ambavyo matusi yangenichoma, maana aliutoa haraka ili hadithi iishe.

Mkewe, Kaltumu, ndiye aliyemuuguza Shangazi mpaka mwisho. Aliingia ndani akakaa kidogo, akatoka na ile sahani ya bati. "Kila jioni aliweka nje," aliniambia. "Nyumba yetu haina paka. Tulidhani ni uzee, tukawa tunamcheka. Nilimuuliza siku moja, akasema njia ya Arua ni ndefu, paka ikifika itakuwa na njaa." Akanipa. "Beba. Hii ni yako."

Nina duka la dawa za mifugo sasa, huku huku Arua. Mtu akiniletea paka anayepiga chafya, kabla sijamgusa namuuliza mwenyewe nyumbani nani alianza, na wengi hukasirika. Sahani iko mlangoni kwangu. Kuna paka wa jirani, mweusi, asiye na cheo chochote, anayekuja jioni kuimaliza, na akishiba hupenda kupapaswa mgongo kwa mkono. Siku nikiwa mzima nachuchumaa naye. Siku nikiwa na mafua, hata kidogo tu, naweka maziwa, narudi nyuma hadi ukutani, nafunika mdomo, nangoja amalize.